Ndege Iliyofika Mapema Mno

Faili ya Mwelu ilikuwa ifungwe Ijumaa. Bosi alilisema hilo kwenye mkutano wa asubuhi, akiwa amesimama, kikombe mkononi. Msichana alipotelea Saudi. Ubalozi uliandikiwa, ukajibu kwamba jina hilo haulijui. Polisi wa Machakos hawana kituo jangwani.

"Bado siku mbili," alisema Inspekta Ndeti.

"Siku mbili za nini? Utaogelea hadi Riyadh?"

Watu wakacheka. Ndeti alichukua funguo za gari, akamwita Konstebo Kanini, wakaenda Mitaboni, kijijini kwa msichana.

Mama yake Mwelu, Nthambi, alikuwa ameketi juu ya gunia mbele ya jikoni akipukuchua mbaazi. Tangu mwezi wa sita, meseji za bintiye zilipokoma, alikuwa amekwenda kituoni mara nyingi kiasi kwamba askari wa dawati wakimwona mlangoni walijifanya wanaongea na simu. Alipoliona gari hakusimama.

"Mmeleta mwili?"

"Hapana, mwaitu," alisema Ndeti, akimwita mama kwa Kikamba. "Tumekuja kuuliza."

"Mlishauliza. Mimi nimejibu mpaka nikachoka. Ketini basi, hiyo kiti ya kijani haina mguu."

Wakaketi. Ndeti alimwambia aanze upya, kutoka asubuhi ya safari, asiruke kitu. Nthambi akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa achote maji tena baada ya mtungi kumwagika.

Ilikuwa mwezi wa pili. Kanisa lilikuwa limefanya harambee ya kumsafirisha Mwelu, msichana wa kwanza wa kijiji kwenda kazi ng'ambo. Walikodi basi la shule. Akina mama wa kanisa walivaa sare. Yule wakala aliyemtafutia kazi, Bartholomew, alikuja na gari lake akawafuata nyuma. Uwanjani Nairobi waliambiwa asiye na tiketi haingii ndani, kwa hivyo waliomba nje, Mwelu akakumbatiwa na kila mtu, akaingia na sanduku lake.

"Halafu mkarudi," alisema Kanini.

"Turudi wapi? Peris alikataa." Peris alikuwa mwenyekiti wa akina mama. "Alisema mtoto haachwi hewani. Tutasimama hapo na hatutakula mpaka Mwelu akanyage chini. Tulikuwa tumefunga tangu jana yake. Tukasimama pale magari yanaegeshwa. Tukaimba. Askari wa uwanja akaja kutufukuza, Peris akamwombea na yeye."

"Hiyo ahadi ya kusimama mliiweka lini?" aliuliza Ndeti. "Mwelu akiwa bado na nyinyi?"

"Hapana. Alikuwa ameshaingia. Peris alitoa hilo neno baadaye."

"Na Bartholomew?"

"Alikuwa na sisi. Akasema, 'Mama zangu, endeni nyumbani, mimi nitawapigia.' Peris akamwambia kama hana imani akae kwa gari. Akaenda akakaa kwa gari na simu yake."

Ndeti alimtazama Kanini. Kanini alikuwa ameacha kuandika.

"Ndege iliondoka saa ngapi, mwaitu?"

"Saa nane mchana. Tuliona moja imepanda, tukaipungia mikono. Sijui kama ni hiyo."

"Halafu?"

"Halafu meseji ikaingia kwa simu yangu. Iko hapa, sijaifuta." Alitoa simu kifuani, akaifungua bila miwani kwa sababu alijua mahali pake. Ndeti alikuwa ameshausoma ujumbe huo kwenye faili, lakini aliusoma tena; namba ilikuwa ile ile ya Mwelu, na saa ya simu hiyo haikuwahi kurekebishwa, kwa hivyo haikusaidia. *Mama nimefika Riyadh salama. Tajiri amenipokea vizuri. Sasa endeni nyumbani mkale.*

"Mlifanya nini?"

"Tulicheza. Tulicheza mpaka watu wenye masanduku wakatoa simu watupige picha. Halafu tukapanda basi, tukaenda Kyumvi tukakula nyama, kwa sababu njaa ilikuwa inatumaliza. Mbavu na ugali. Bartholomew alilipia soda. Halafu tukarudi."

"Mlifika hapa usiku?"

"Usiku? Nani angenikamulia ng'ombe? Nilivua sare nikakamua. Jua lilikuwa pale." Alielekeza kidole upande wa vilima, juu kidogo ya mstari wa ardhi.

 Mbaazi zilianguka kwenye sufuria.

"Hilo basi la shule," alisema Ndeti, "lilikuwa linakimbia?"

"Likimbie na gia ya tatu? Dereva alikuwa shemasi."

Kanini alikuwa tayari ameinamia simu yake. Ndeti hakumharakisha. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege, na katika miezi yote ambayo faili ile ilikaa mezani kwake hakuwahi kuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tano angeuliza. Hakuna aliyeuliza. Bosi, ambaye alikuwa amepanda ndege mpaka Uingereza kwa semina, hakuuliza.

"Nairobi mpaka Riyadh," alisema Kanini kwa sauti ya chini, "ni kilomita elfu tatu na kitu. Ndege ya moja kwa moja ni zaidi ya masaa manne."

"Rudisha nyuma kutoka kwa ng'ombe."

"Jua liko hapo, ni kama saa kumi na mbili hivi. Basi bovu kutoka uwanjani, masaa mawili. Kula nyama ya kuchoma watu wote hao, weka karibu lisaa. Meseji iliingia saa tisa, afande. Ikichelewa sana, saa tisa na robo."

"Ndege iko wapi saa tisa?"

"Juu ya Moyale. Haijaingia Ethiopia sawasawa."

Nthambi aliacha kupukuchua. "Mnasema nini?"

"Mwaitu, hakuna mtu aliyeshangaa kwamba alifika haraka hivyo?"

"Mwalimu mmoja alisema imekuwa haraka. Peris akamwuliza kama anamwekea Mungu mipaka. Jumapili tulitoa ushuhuda kwamba Mungu aliongeza ile ndege mwendo." Alimtazama Ndeti, kisha Kanini, kisha tena Ndeti. "Ndege si ni kitu cha haraka? Sisi tungejuaje? Hapa mpaka Kathiani tunaenda kwa miguu."

"Na huo ujumbe unasema 'endeni nyumbani,'" alisema Ndeti. "Kama ningekuwa Riyadh, na nimewaacha asubuhi, ningedhani mko nyumbani zamani. Aliyeandika hii alijua bado mmesimama pale nje."

Nthambi aliweka sufuria chini. Mikono yake ilibaki vile vile, imejikunja, kama bado inashika ganda.

"Mwanangu hakupanda ndege."

"Sidhani alipanda."

"Basi yuko wapi?"

 Jibu alilokuwa nalo Ndeti lilikuwa na koleo la kuchimbia kaburi ndani yake; akachukua funguo za gari.

*

Ofisi ya Bartholomew ilikuwa mjini, orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Ukutani kulikuwa na picha za ndege na za wasichana waliovaa mitandio, wote wakitabasamu. Bartholomew alikuwa mtu mnene mwenye mikono laini, na alimkaribisha kila mtu kana kwamba alikuwa amemngoja yeye tu.

"Karibu, Inspekta. Chai? Dada, kalia hiyo ya ngozi."

"Hatunywi," alisema Ndeti. "Nataka unisaidie nifunge faili ya Mwelu."

"Hakuna shida, faili ifungwe. Yule msichana alitoroka tajiri wake. Nilimwambia mama yake. Wasichana wengine wakifika kule wanaona dunia."

"Ndege yake ilikuwa ya kupitia wapi?"

"Moja kwa moja. Mimi silalishi watoto wa watu njiani. Wengine wanawapitisha Addis, Khartoum, sijui wapi. Mimi hapana."

"Ilichukua muda gani?"

Bartholomew alitabasamu. Swali hilo alikuwa akiulizwa na wazazi kila wiki. "Masaa manne na kitu. Inategemea upepo. Ni kilomita elfu tatu na zaidi, Inspekta, si Kitui."

"Iliondoka saa nane?"

"Saa nane kamili. Hiyo shirika haichelewi."

"Na wewe ulikuwa hapo meseji ikiingia."

"Nilikuwa hapo. Nililia machozi, mimi mtu mzima. Tukaenda Kyumvi tukala pamoja."

"Mlikula ndani au nje?"

"Nje, chini ya kile kibanda. Jua lilikuwa kali hata nikahamisha kiti."

Kanini alikohoa.  Ndeti alimwacha Bartholomew asikilize alichosema. Ilichukua muda. Kwanza tabasamu lilibaki, kisha likabaki mdomoni peke yake, macho yakiwa yamekwenda kwingine.

"Jua la saa ngapi hilo?" aliuliza Ndeti.

"Ni... unajua Saudi saa zao ni tofauti na zetu. Ziko mbele."

"Haziko mbele," alisema Kanini. "Saa yao na yetu ni moja. Na simu ililia Nairobi, mkononi mwa mama. Hata kama wangekuwa na saa za mwezini."

"Basi pengine shirika lilibadilisha ndege. Pengine aliandika akiwa Addis, akaona asimwogopeshe mama..."

"Umesema hulalishi watoto wa watu njiani," alisema Ndeti.

"Siku hiyo, pengine..."

"Addis ni masaa mawili. Meseji iliingia lisaa limoja baada ya ndege kuruka. Lisaa limoja ni Moyale. Alishukia Moyale, Bartholomew? Tajiri alimpokea Moyale?"

Bartholomew alitoa leso akajifuta shingo. Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza ndizi kwa kipaza sauti.

Ndeti alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Sikia. Mimi ni mtu wa shule kidogo na sina maneno mengi. Nimekuja na watu wawili wa kuchimba, wako kwa gari. Niambie umemzika wapi, tumtoe mapema, mama yake amlaze mahali pake."

"Kumzika?" Sauti ya Bartholomew ilipanda kama ya mwanamke. "Nani amekufa? Inspekta, usiniletee hiyo! Hajakufa! Yuko kwangu!"

"Kwako wapi?"

"Nyumbani. Syokimau. Yuko na bibi yangu, anatusaidia kazi. Hajakufa, aki ya Mungu!"

 Kanini ndiye aliyeuliza.

"Anawasaidia kazi tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Nilimrudia uwanjani jioni."

Yakatoka yote, kama maji ya bomba lililopasuka, machafu na kwa haraka. Mwelu alipopimwa na daktari wa safari alikutwa na mimba. Mwenye mimba hachukuliwi. Nafasi yake akapewa msichana mwingine kutoka kwingine, ambaye alisafiri na sasa alikuwa kazini kule, mzima. Bartholomew alijua haya wiki mbili kabla ya ile safari.

"Na ukanyamaza," alisema Ndeti.

"Harambee ilikuwa imeshatangazwa kanisani! Ungeisimamisha vipi? Ungesimama madhabahuni useme nini? Nilimpa karatasi ya tiketi ya kuingilia mlangoni tu. Nilijua ndani wataikataa. Nilisema wamama wakiondoka nitamchukua, nimweke mahali, akijifungua nimtafutie nafasi ingine. Ni msaada nilikuwa nampa."

"Lakini wamama hawakuondoka."

"Hawakuondoka! Yule Peris ni mtu? Nilimpigia Mwelu, nikamwambia uko hapo ndani umesimama, na hawa wako hapa nje wamesimama, na wamesema hawatoki mpaka utue. Fanya kitu."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi? Aliandika mwenyewe. Mimi nilisema tu afanye kitu."

"Na hizo meseji zingine, za mwezi wa tatu, wa nne?"

"Mwenyewe pia. Halafu akachoka kudanganya, nikawaambia ametoroka."

Ndeti alisimama. Alimwambia Kanini amsomee haki zake na amfunge pingu kwa mbele, kwa sababu ngazi zilikuwa mbaya na hakutaka kumbeba. Wale wachimbaji wawili hawakuwepo. Kwenye gari kulikuwa na koleo moja tu, ambalo Ndeti alikuwa ameliazima kituoni asubuhi hiyo hiyo baada ya kutoka Mitaboni.

*

Walimwacha Bartholomew kwenye selo, wakashika barabara ya Mombasa. Walipofika Syokimau, karibu na uwanja, ndege ilikuwa ikishuka, chini sana, magurudumu nje. Mlinzi wa mtaa, kijana mwenye koti kubwa kuliko mwili, alisikia jina la Bartholomew, akainua kizuizi bila kuuliza kitambulisho.

"Niaje wazee. Kwa Batho? Geti ya blue, mwisho. Madam ametoka, ni dem wa kazi tu ako."

Ndeti alibisha geti mara moja. Lilifunguliwa kabla hajashusha mkono.

Alikuwa na picha yake kwenye faili: msichana wa miaka ishirini na mbili, sare ya kwaya, mashavu yamejaa. Aliyesimama getini alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, mtoto mchanga mgongoni amefungwa kwa leso, mikono imelowa sabuni. Alimtazama Ndeti viatu, kisha Kanini sare.

"Mwelu wa Nthambi," alisema Ndeti.

Hakukana. "Mama amejua?"

"Anajua hukupanda ndege. Hajui uko wapi."

Mwelu alifungua geti wazi, akawapitisha uani. Kamba zilikuwa zimejaa shuka. Beseni la nguo lilikuwa chini, nusu imeanikwa.

"Wanakufungia hapa?" aliuliza Kanini.

"Hapana."

"Geti hili?"

"Halina kufuli mchana. Mimi ndiye hulifungua na kulifunga."

"Wanakulipa?"

Mwelu alicheka kidogo puani, akamrekebisha mtoto.

Kanini alikuwa na miaka kama yake, na alishindwa kujizuia. "Sasa mbona hukutoka? Siku hiyo uwanjani, mama yako alikuwa hapo nje. Ukuta tu. Ungetoka tu!"

"Nitoke niende wapi, dada? Nitokee kwa nani? Kanisa lote lilikuwa hapo. Watu waliuza mbuzi. Ndani walipoikataa tiketi nilirudi mpaka kwa ule mlango wa kioo, nikawaona. Walikuwa wanaimba wimbo wa kufika. Wamefunga tangu jana yake, midomo imekauka. Mama alikuwa ameshika viatu mkononi kwa sababu miguu ilimvimba." Alikuwa akisema bila kulia, kama anayetoa taarifa ya mtu mwingine. "Bartholomew alinipigia akasema hawataki kuenda. Wanangoja nitue. Sasa ningetua vipi? Wangesimama hapo mpaka lini? Nikaandika."

"Ukaandika waende nyumbani wakale."

"Walikuwa na njaa. Niliwaona wakicheza. Halafu wakapanda basi."

Ndeti hakuwa na swali lingine kwa ajili ya faili. Kilichobaki kilikuwa kwa ajili ya mahakama, na mahakama ingeuliza kivyake. Alitoa simu.

"Nataka kumpigia mama yako. Utaongea?"

"Hapana."

Alipiga, akaweka sauti ya nje ili Kanini awe shahidi. Nthambi alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mmempata."

"Tumempata, mwaitu. Yuko hai."

Upande wa pili palisikika kitu kikianguka, kisha sauti ya Nthambi ikimtaja Mungu mara nyingi, haraka haraka, bila kupumua. Kisha akauliza, "Yuko wapi? Hospitali? Wamemtesa?"

"Yuko Syokimau."

"Syokimau gani?"

"Hii hii. Ya hapa kwetu."

"Amerudi lini?"

"Hakwenda. Amekuwa hapa tangu siku ile. Alikuwa na mimba, mwaitu. Sasa ana mtoto. Tuko naye hapa, anakusikia."

 Mwelu alikuwa amesimama karibu na simu, kichwa kimeinama, akiitazama kama chungu kilicho karibu kuchemka.

"Mimi nimefunga kwa ajili yake kila Ijumaa," alisema Nthambi hatimaye. "Kanisa lote. Juzi tu tumemwombea jangwani. Nimesema mbele ya watu mtoto wangu ameuawa na Waarabu." Akapenga kamasi. "Ni mtoto gani?"

"Msichana," alisema Kanini.

"Mhm."

"Tunamleta sasa hivi," alisema Ndeti. "Tutakuwa hapo jua likiwa juu."

"Hapana. Afande, hapana. Nisikilize." Sauti ilishuka, ikawa ya mtu anayeongea akifunika simu kwa mkono. "Akina Peris wako hapa. Wamekuja waliposikia mlikuja asubuhi. Wamejaa uani. Mlete usiku. Mpitishe huko nyuma kwa shamba. Tafadhali, mwanangu. Mlete watu wakiwa wamelala."

Simu ikakatika.

Ndeti aliirudisha mfukoni. Alikuwa amempata mtu aliyepotea, akiwa hai, siku mbili kabla faili haijafungwa, na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Panda gari," alimwambia Mwelu. "Tutangoja kituoni."

Mwelu alitazama jua, akapima kwa jicho.

"Si amesema usiku? Basi kuna wakati."

Aliinua beseni, akalisogeza chini ya kamba, akaendelea kuanika nguo za mke wa Bartholomew.

"Wacha hizo nguo," alisema Kanini. "Mwelu. Wacha."

"Zitanuka," alisema Mwelu, akakung'uta shati.